Darasa Lisilo na Mtu

Asubuhi ya mashindano, Shule ya Msingi Kabulilo ilikuwa kimya kiasi kwamba Subilaga aliposhuka kwenye gari alidhani amekosea siku. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai, manyunyu yanadondoka bila haraka, na kutoka kwenye lile jengo refu la ghorofa moja, lenye watoto wa vijiji vitatu ndani yake, hakikusikika hata kikohozi. Lango lilimtambua, likafunguka lenyewe. Sauti ya upole ikatoka ukutani, ikamkaribisha kwa jina lake na kumwonya kuwa baraza linateleza.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Aliirekodi zamani, mradi ulipokuwa bado michoro mezani, akisema itakaa kwa muda tu mpaka apatikane mtangazaji wa kweli. Mtangazaji hakupatikana. Shule zikajengwa moja baada ya nyingine, zote zikazungumza kwa kinywa chake, na alipoomba ibadilishwe wizara ilimjibu kwamba watoto wameshaizoea. Kwa hiyo Subilaga, msanifu wa majengo asiye na mtoto hata mmoja, alikuwa akiwakaribisha, akiwaonya na kuwahesabu watoto wa nusu ya nchi kila siku, na hali hiyo hakupata kuizoea.

Mwalimu Mkuu Gwamaka Mwasandube alikuwa akimsubiri barazani, kavaa suti ya kahawia ambayo Subilaga aliikumbuka tangu darasa la saba. Enzi hizo mzee huyu ndiye aliyemfundisha hesabu, na kumchapa pia, hasa kwenye sehemu za desimali. Aliipokea shikamoo yake kwa mikono miwili, akamtazama juu mpaka chini, akauliza kama huko mjini wamefutiwa chakula. Halafu uso wake ukakunjuka kwa raha ambayo alishindwa kuificha.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nitafutie watoto wangu."

Nchi ilikuwa imepitia hofu mbili kubwa. Kwanza ilikuwa mioto ya mabweni, watoto wakiteketea nyuma ya milango iliyofungwa kwa nje na madirisha yenye nondo. Ilipopita hiyo ikaja miaka ya watekaji, waliokuwa wakiingia shuleni mchana kweupe na kuondoka na darasa zima. Kila hofu ilikuwa na dawa yake, na dawa zenyewe zilikuwa hazipatani: anayeogopa moto anataka milango ifunguke, anayeogopa watekaji anataka ifungwe. Subilaga ndiye aliyezipatanisha. Alijenga jengo linalojua lenyewe lini lifunge na lini lifungue, jengo linaloona joto la kila mwili na kuhisi mapigo ya moyo kupitia sakafuni. Walimu waliliita Mlezi, na jina likakaa.

Mashindano yalikuja baadaye, na hayakuwa wazo lake, ingawa alikuwepo kwenye kikao na alipiga makofi. Kila mwaka shule ingechagua darasa moja, darasa hilo lingejificha, na Mlezi angelitafuta. Hoja ya wizara ilikuwa nyepesi: asiyeonekana na Mlezi hawezi kuonekana na mtekaji. Shule zilizofanya vizuri zilipewa Ngao ya Utulivu, na wazazi walihamisha watoto wao kwenda kwenye shule zenye ngao.

Ofisini walimkuta Bwana Chengula, afisa wa wizara, akinywa chai mbele ya kioo kikubwa cha Mlezi. Kioo kilionyesha ramani ya shule. Kila mtu alikuwa nukta nyekundu. Madarasa mengine yalijaa nukta, na ghorofani, kwenye chumba cha awali, nukta ndogo zilikuwa zimeizunguka nukta moja kubwa. Huyo ni Mama Ambokile, mke wa Mwalimu Mkuu, aliyewafundisha watoto wa awali tangu jengo lifunguliwe. Watoto wadogo waliwekwa juu kwa amri ya Subilaga, ili mtekaji awe na safari ndefu zaidi ya kuwafikia.

Darasa la Tano lilikuwa la buluu tupu.

"Darasa la Tano: hakuna mtu," sauti yake ikasema kutoka ukutani.

Chengula akaweka kikombe chini, akasema kwamba amezunguka mikoa mitano na hajaona kitu kama hiki. Kwingine Mlezi hupata watoto kabla chai haijapoa, kwa sababu hakuna mtoto anayeweza kuuzuia moyo wake usidunde. Hapa ametafuta tangu asubuhi, amerudia na kurudia, na bado anasema chumba ni kitupu.

Subilaga hakufurahi, kwa sababu alimjua Mlezi kama mtu anavyomjua ndugu yake, na hakujua njia yoyote ya kumdanganya. Akamgeukia Mwalimu, akamuuliza amefanyaje. Mzee akajizungusha kidogo, akatania kwamba msanifu asimuulize mwalimu wa kijijini, lakini sifa zilimshinda akasema.

Alikuwa ameitisha kikao cha wazazi na kuwauliza kitu gani kinaficha joto. Wazazi walicheka. Nani asiyejua? Ukivundika ndizi unazifunika kwa majani mabichi ya mgomba, na joto lote linabaki ndani; anayepita nje hahisi chochote. Basi kila mtoto wa Darasa la Tano alilalia tabaka la vigogo vya migomba vilivyochanwa, vyororo na vyenye maji, vinavyomeza mapigo ya moyo kabla hayajafika sakafuni. Juu alifunikwa majani yaliyonyunyiziwa maji, tabaka juu ya tabaka, kukiwa na upenyo mdogo wa pua. Walifanya mazoezi muhula mzima, na hakuna aliyekuwa akilia tena.

"Na ukitaka kuwatoa?" Subilaga akauliza.

"Nawagusa utosini, mmoja mmoja. Bila hivyo hawatoki. Hata nikiwaita kwa sauti hawatoki, maana siku hizi sauti ya mtu yeyote inatengenezwa. Na sauti yako ndiyo kabisa." Akacheka. "Wewe ndiye unayewatafuta. Nimewaambia, mkimsikia huyo mama wa ukutani, kaeni kama mawe."

Subilaga alikaa kwenye kiti ambacho hakualikwa kukalia. Alikuwa anafikiria moto.

Kuna jambo ambalo Mwalimu hakulijua, au alilisoma kwenye mwongozo akalipita. Moto ukizuka, Mlezi huuzima kwa hewa nzito, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoifukuza ile tunayovuta. Moto unakufa kwa kukosa pumzi, na chochote kingine chenye kuhitaji pumzi kinakufa hivyo hivyo. Ndiyo maana hewa hiyo hupelekwa kwenye vyumba vitupu tu. Ikiwa hakuna kilicho kitupu, Mlezi hupima, na kuchagua chenye watu wachache zaidi. Wahusika waliuita utaratibu huo mzani. Mzani haukuwa na kitufe cha kuusimamisha, na hilo nalo lilikuwa shauri la Subilaga. Kwenye mioto ya zamani walimu wakuu walisimama na funguo mkononi wakashindwa kuamua mpaka wote wakafa. Mkono wa binadamu unatetemeka, aliwaambia wakubwa wa wizara, tuuondoe. Walimsifu sana siku ile.

Akaomba mashindano yasimamishwe mara moja. Hakueleza vizuri, aliharakisha, maneno yakamtoka nusunusu, na Chengula alimtazama kwa huruma ya mtu anayedhani ameelewa. Mwalimu ndiye aliyelisema waziwazi, kwa upendo, kama zamani alipokuwa akimrudishia daftari lenye mikwaju myekundu. Alimwambia kushindwa si aibu, jengo lake ni zuri, ila limekutana na watu wanaojua ndizi.

"Mwalimu, sishindani na wewe," akasema Subilaga. "Jengo langu linaamini kile chumba hakina mtu. Litafanya kama linavyoamini."

Mzee akaacha kutabasamu. Akasimama, akachukua kofia yake, akasema basi anakwenda kuwagusa watoto, ngao itajijua yenyewe. Angepitia nyuma ili asiwashtue. Akatoka.

Hapo ndipo taa zilipofifia.

Mlezi hakuwahi kutafuta namna ile. Kila shule aliyoijua aliwapata watoto mapema akapumzika; hapa alikuwa amekaza macho yake yote kwenye chumba kimoja tangu asubuhi, akivuta umeme bila kukoma, na siku yenyewe haikuwa na jua la kumrudishia. Betri zake zilikuwa kwenye chumba kidogo kilichopakana na Darasa la Tano, chini ya ngazi ya kupanda kwa awali. Subilaga aliweka kiganja ukutani akaukuta una joto la sufuria. Kabla hajakiondoa, kishindo kikubwa kilisikika chini ya sakafu, na kwenye ramani chumba cha betri kikawa cheupe.

Lazima isemwe kwamba kwa kitambo kile Mlezi alifanya kila alichofundishwa, na alikifanya vizuri. Mashindano yakafutwa. Milango yote ya nje ikafunguka kwa pamoja. Kwa kila darasa sauti ikasema njia yake, taratibu, bila kuwatisha, na watoto wakatoka kwenda uwanjani wakiwa wameshikana mikono. Ghorofani ikamwambia Mama Ambokile ashushe awali kwa ngazi, mtoto baada ya mtoto, asikimbie. Ni kwenye Darasa la Tano tu ambako sauti haikusema lolote, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuambiwa.

"Chumba cha betri kinawaka," ikasema ofisini. "Darasa la Tano: hakuna mtu. Korido ya Nyuma: hakuna mtu. Hewa itapitia Darasa la Tano."

Betri zikiwaka huyeyusha bomba lolote lililo karibu, hivyo Subilaga alikuwa amechora hewa nzito ifike pale kwa kupitia chumba jirani: ikijaze chumba hicho kwanza, kisha isukumwe kwenye matundu ya ukutani. Majirani walikuwa wawili, Darasa la Tano na Korido ya Nyuma. Darasa la Tano lilitajwa mwanzo kwa sababu lina matundu makubwa zaidi. Alikumbuka hata siku aliyoyapima.

Alikimbia. Chengula alimwita nyuma yake, akiuliza anakwenda wapi na milango ipo huku. Baraza lilikuwa limejaa moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki. Mlango wa mbele wa Darasa la Tano ulikuwa umeshafungwa, lakini kadi yake ya usanifu, iliyokuwa ikifungua mlango wowote aliousimamia, iliufungua na huo. Akaingia. Mlango ukajifunga.

"Darasa la Tano: mtu mmoja," sauti ikasema. "Hewa itapitia Korido ya Nyuma."

Subilaga aliinama, akashika magoti, akacheka kidogo kwa pumzi iliyomwishia. Ilikuwa imetosha. Kusimama kwake tu mle ndani kulikuwa kumewaokoa, na korido ilikuwa tupu. Alitazama chumba. Madawati yalikuwa yamepangwa vizuri, ubao umefutwa, na chini ya madawati, kutoka ukuta hadi ukuta, palikuwa na matuta ya kijani yaliyolowa, yakinukia shamba. Hakuna tuta lililosogea.

Akawaambia kwamba wamekwisha salimika, watoke sasa, kuna moto jirani. Alilisema kwa sauti ile ile iliyokuwa ikiwasaka tangu asubuhi. Tuta moja karibu na mguu wake, lililokuwa likipanda na kushuka kwa shida, likatulia kabisa.

Halafu mlango wa nyuma ukagongwa.

"Ni mimi, wanangu," akasema Mwalimu Gwamaka kutoka upande wa korido. "Mmeshinda. Nakuja kuwagusa."

Alikuwa amepitia nyuma kama alivyosema. Aliponyoka na kuingia koridoni milango yake ikiwa inajifunga, akafurahi kwamba amewahi.

"Korido ya Nyuma: mtu mmoja. Darasa la Tano: mtu mmoja," sauti ikasema. "Mlezi anapima."

Subilaga aliufikia mlango wa nyuma kwa hatua chache, kadi mkononi, na mkono ukasimama wenyewe kabla haujagusa kitasa. Alimwambia Mwalimu arudi alikotoka. Alisikia nyayo zake zikienda, zikasita, zikarudi, na mzee akasema kwamba mlango ule hautaki. Ni kweli usingetaka. Chumba kikishaingia kwenye mzani hakifunguki mpaka mzani uamue. Ila kwa kadi yake tu, naye alikuwa hapa. Angeweza kutoka, azunguke jengo, amfungulie kwa nje. Lakini akitoka, Darasa la Tano lingekuwa halina mtu.

Alijaribu njia zote kichwani, upesi, kama alivyofundishwa na mtu aliyekuwa nyuma ya mlango huo. Akiufungua mlango huu wa kati, hautafungika tena mpaka moto uzimike, alivyouchora mwenyewe ili usimnase mtoto; darasa na korido vitakuwa chumba kimoja kikubwa, na hewa haitatosha kukijaza. Moto hautazimika, utapanda kwenye ngazi ya awali. Akiacha mambo yalivyo, mzani utaendelea kusitasita na moto utapanda vilevile. Akiwatoa watoto kwa mlango wa mbele, itabidi awabebe mmoja mmoja, maana hawamwamini, na ngazi haikuwa na muda huo. Ilibaki njia moja. Afunue jani moja tu, Mlezi aone mtoto mmoja, na mzani ungeelemea upande wa korido.

Ukutani, mahali ngazi ilipopita, alisikia vishindo vidogo vidogo vya miguu ikishuka na sauti ya Mama Ambokile ikiimbisha wimbo wa kuhesabu. Rangi ya ukuta ilikuwa imeanza kutoa malengelenge.

"Subilaga," akasema Mwalimu. "Unanyamaza nini? Fungua niwaguse watoto."

Angeweza kumdanganya. Alilifikiria hilo, na baadaye hakupata kujisamehe hata kwa kulifikiria. Akaweka paji la uso kwenye mlango akamwambia yote, hewa nzito, mzani, ngazi, jani. Alitumia maneno machache, na safari hii yalitoka yamenyooka.

Akajua mzee anapiga hesabu, akitafuta kosa kwenye hesabu yake kama kawaida yake, na alimwomba Mungu alipate.

"Awali wameshuka?" akauliza hatimaye.

"Bado wako kwenye ngazi. Mama Ambokile anao."

"Wote?"

"Wote, Mwalimu."

Alimsikia akishusha pumzi na kuegemea mlango, kitambaa cha suti kikisuguana na ubao.

"Basi waambie hao watoto nimewagusa," akasema. "Waguse wewe. Utosini, siyo begani. Begani wanadhani ni mtekaji."

Subilaga alipiga magoti. Alikuwa analia na hakuona aibu. Akafunua tuta la karibu, tabaka la kwanza, la pili, na chini yake alikuwapo msichana mwembamba, sare imelowa, macho yamefumbwa kwa nguvu kama anayengoja sindano. Akaweka kiganja kwenye utosi wake. Mtoto akafumbua macho, akamwona mgeni, na midomo ikaanza kumtetemeka. Alidhani ameipotezea shule ngao.

"Mwalimu amewagusa," Subilaga akamwambia. "Mmeshinda. Jina lako nani?"

"Tusekile."

"Waambie wenzako, Tusekile. Mimi hawaniamini."

"Darasa la Tano: watu wawili," sauti ikasema. "Korido ya Nyuma: mtu mmoja. Hewa inapitia Korido ya Nyuma."

Mlango wa mbele ukafunguka. Tusekile alipita akiwaita wenzake kwa majina na kuwagusa utosini. Majani yakaanza kutikisika, matuta yakapasuka huku na huku, vichwa vikatoka. Ukuta mzima ukavuma, mvumo mzito wa chini uliopita miguuni mwao. Mlango wa nyuma uligongwa mara moja, si kwa nguvu. Kisha ukagongwa kwa nguvu. Akili ya mtu ikijua jambo, mwili wake huwa haujakubali, na Mwalimu Gwamaka naye aligonga kama ambavyo mtu yeyote angegonga. Kadi ilikuwa bado mkononi mwa Subilaga. Alisimama akiutazama mlango ule, watoto wakipita nyuma yake kwenda barazani, na hakunyanyua mkono. Hakutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Mpaka moto unazimika, mtoto wa mwisho wa awali alikuwa ameshakanyaga majani ya uwanjani.

Bwana Chengula alimkuta chini ya bomba la maji, akinawa mikono iliyojaa utomvu wa migomba. Alikuwa ameshaongea na wakubwa. Alimwambia, kwa sauti ya kweli ya mtu anayefariji, kwamba hakuna mtoto aliyepotea, hata mmoja, na kwamba wizara itataka mzani uwekwe kwenye shule zote zilizobaki kabla ya mwaka kwisha. Kuhusu marehemu, aliona ni vizuri wote waseme jambo moja. Jengo ndilo lililoamua. Hakuna mwalimu wala msanifu wa kunyooshewa kidole, na ndiyo ilikuwa nia ya mradi tangu mwanzo. Subilaga alimwuliza kama ameiandika sentensi hiyo sasa hivi. Akasema hapana, ipo kwenye mwongozo, ukurasa wa utangulizi.

Aliikumbuka. Aliiandika yeye.

Mama Ambokile alikuwa amekaa kwenye ukingo wa bustani, mtoto wa awali mgongoni na mwingine mapajani, hataki kupokewa hata mmoja. Walimu wamesimama mbali naye kidogo. Alikuwa ameshaambiwa. Alimwona Subilaga akija akamsogezea nafasi, kama vile ni siku nyingine yoyote na mwanafunzi wa zamani wa mume wake amekuja kusalimia.

Subilaga hakukaa. Akapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, akamwamkia, na mama akaitikia.

"Wananiambia mlango ulikataa," akasema Mama Ambokile.

Chengula alikuwa nyuma yao. Alikohoa kidogo.

"Haukukataa, mama. Nilikuwa na kadi mkononi. Sikuufungua."

Mtoto aliyekuwa mapajani mwa Mama Ambokile alikuwa akichezea kifungo cha gauni lake, naye mama akaushika mkono ule mdogo akauzuia.

"Aligonga?"

"Aligonga."

"Na wewe ulikuwa unamsikia."

"Nilikuwa namsikia."

Mama Ambokile akaitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa, machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Hakumfukuza wala hakumshika. Aliwatazama watoto wa awali walioketi wakimzunguka, akaanza kuwahesabu upya kwa macho, na alipofika mwisho akaanza tena.

Moshi ulikuwa umekatika. Kwenye kuta ndefu za Kabulilo taa ndogo za kijani zikawaka, moja baada ya nyingine, na milango yote ikafunguka kwa wakati mmoja.

"Jengo liko salama," sauti ya Subilaga ikasema, tulivu na yenye upole, uwanja mzima. "Rudini madarasani, watoto."

Darasa la Tano walikuwa wamesimama pamoja kwenye manyunyu, vipande vya majani bado vimewanasa kwenye nywele. Waliitazama milango iliyo wazi. Kisha wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Subilaga usoni, na hakuna mtoto aliyesogea.